Nilinunua German Shepherd Tabora: mbwa ni wazuri, ubao wa bei una kosa

Mwezi wa tatu mwaka huu nilinunua mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd kwa mzee mmoja anayewafuga na kuwauza nje kidogo ya mji wa Tabora. Majirani wanaomwona mbwa wangu getini huniuliza kama nao waende huko, na jibu langu huwa refu, kwa sababu mbwa wenyewe ni wazuri ilhali maelezo wanayouzwa nayo yana kosa linalomgharimu mnunuzi fedha.

Mabanda yake yako chini ya miembe, sakafu ni ya saruji iliyoteremshwa ili maji ya kuoshea yasituame, na kivuli kipo hata saa nane mchana, jambo la lazima kwa mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili katika joto letu la mwezi wa kumi. Nilipokwenda mara ya kwanza watoto walikuwa na umri wa wiki sita. Fedha nilikuwa nazo mkononi, lakini mzee alizikataa.

"Mwanangu, hawa bado wako kwa mama yao. Rudi baada ya wiki mbili."

Niliporudi, kabla sijachagua, alimfungulia mama yao akamkimbiza taratibu kwenye mchanga huku nikimtazama miguu ya nyuma. Jike yule alitupa hatua ndefu, mgongo ukiwa umetulia, na alama za nyayo za nyuma zikaangukia karibu kabisa na zile za mbele. Hivyo ndivyo mbwa huyu anavyopaswa kupimwa, na sababu imo katika asili yake.

Mwishoni mwa karne ya 19 wachungaji wa kondoo wa Ujerumani walikuwa na mbwa wa kila namna: wale wa Thuringia wakiwa na masikio yaliyosimama na rangi ya kijivu, wale wa Württemberg wakiwa wakubwa zaidi. Max von Stephanitz, kapteni wa kikosi cha wapanda farasi, alitaka kupata kutoka kwao mbwa mmoja wa kazi. Tarehe 3 Aprili 1899, katika maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, alimwona mbwa aliyeitwa Hektor Linksrhein, akamnunua na kumpa jina jipya, Horand von Grafrath. Mwezi huohuo kilianzishwa chama cha wafugaji wa mbwa hao, na Horand akaandikwa wa kwanza katika kitabu cha nasaba. Von Stephanitz aliweka uwezo wa kazi na akili mbele ya uzuri wa umbo, na kazi ya kuchunga ilipopungua kutokana na maendeleo ya viwanda, aliwasogeza mbwa wake kwa polisi na jeshi. Mnunuzi anayeangalia rangi na masikio peke yake, akaacha kuangalia mwendo, anauacha msingi ambao mbwa huyu alijengwa juu yake.

Sasa nije kwenye kosa. Ubao wa mzee una bei mbili: German Shepherd shilingi 450,000, na "Alsatian" shilingi 600,000, eti huyo wa pili ni mbwa wa Kiingereza. Huyo ni mbwa yuleyule. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza hawakutaka kutamka neno lolote la Kijerumani, wakambandika mbwa huyu jina la Alsace, eneo lililo mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Chama chao cha mbwa kikalirudisha jina la asili mwaka 1977. Nilipokuwa mtoto nilizoea kuwasikia watu wazima wakisema "alseshani", kwa hiyo siamini kwamba mzee anadanganya kwa makusudi. Amelirithi jina hilo kama sisi sote. Hata hivyo, shilingi 150,000 za tofauti hazilipii chochote, na mimi niliyekataa kuzitoa nilichukua mtoto wa mama yuleyule.

Jambo la pili linanisumbua zaidi. Watoto walikuwa wamepewa dawa ya minyoo, kwa maneno yake, lakini kadi ya chanjo hakuna, na ilinibidi nianze upya kwa daktari wa mifugo. Kuhusu nyonga, ambazo kasoro yake hurithiwa na huwasumbua sana mbwa wa aina hii, hakuna mzazi aliyewahi kupigwa picha ya eksirei. Ule mwendo wa mchangani ndio ushahidi pekee, nao hautoshi.

Mbwa wangu anaendelea vizuri. Sikio la kulia lilisimama mapema, la kushoto likalegea hadi alipokaribia miezi mitano, na kupe ninamtoa kwa mkono kila jioni. Nitamrudia mzee yuleyule nikihitaji mwingine, na ninamwomba kwa heshima aufute mstari wa pili wa ubao wake, kisha ampatie kila mtoto anayetoka pale kadi yake ya chanjo.