Matembezi ya soka mjini Korçë: hela yake halali, ila muulize kuhusu 2018

Wapenda mpira mlioko Ugiriki na Italia, au mnaopita Albania kwa likizo, fikeni Korçë. Ni mji wa kusini-mashariki mwa Albania, karibu na mpaka wa Ugiriki, na kuna mzee mmoja pale anayetembeza wageni mtaa kwa mtaa huku akisimulia historia ya klabu ya Skënderbeu. Hana ofisi wala bango. Mwenye nyumba ya wageni niliyofikia ndiye aliyempigia simu kwa niaba yangu. Bei ni lek 2,000 kwa kichwa, kama yuro 20 hivi, na asubuhi yote inaishia hapo. Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa makusudi, nitafika huko.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Coastal Union tulibeba ubingwa wa nchi mwaka 1988, na wazee wetu wakikaa barazani mpaka leo wanakutajia kikosi chote, mmoja baada ya mwingine, na nani alikuwa benchi. Kwa hiyo mzee wa Korçë aliposema kwamba mji wake ulikaa miaka 78 kati ya ubingwa wa kwanza na wa pili, nilimwelewa kabla hajamaliza sentensi. Naandika tathmini hii nikiwa na jicho hilo. Mtu wa Simba au Yanga anaweza kuona mambo tofauti.

Matembezi yanaanzia mbali na mpira, kwenye jengo la Mësonjëtorja, shule iliyofunguliwa tarehe 7 Machi 1887 na kuwa ya kwanza kufundisha kwa Kialbania, wakati nchi bado iko chini ya Waturuki. Wawili kati yetu walianza kutazamana, maana walikuja kusikia habari za mabao. Mzee hakuwajali, na alikuwa na hoja. Skënderbeu inahesabu umri wake tangu 1909, na uhuru wa Albania ulitangazwa tarehe 28 Novemba 1912. Klabu ina umri mkubwa kuliko nchi. Jina lenyewe ni la Gjergj Kastrioti Skënderbeu, shujaa wa karne ya 15 aliyepigana na Waturuki hao hao. Mzee anasema watu wa Korçë walikuwa na kiu ya kuwa na vitu vyao wenyewe, shule yao, gazeti lao, timu yao, na kwamba ukitaka kuelewa ubishi wa mashabiki wa mji huu uanzie kwenye dawati la shule ile. Ameniridhisha.

Lycée ya Wafaransa, shule ya sekondari iliyofunguliwa 1917 jeshi la Ufaransa lilipokuwa limeushika mji, tuliipita haraka. Enver Hoxha, aliyekuja kuwa mtawala wa kikomunisti wa Albania, alisoma pale na baadaye akarudi kufundisha.

Utamu wenyewe ulianza tulipokaa kwenye benchi chini ya miti, akafungua faili lake la plastiki. Ligi ya taifa ya Albania ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1930. Skënderbeu wakafika fainali dhidi ya SK Tirana, lakini fainali yenyewe haikuchezwa: Korçë hawakuingia uwanjani na Tirana wakapewa ushindi wa mezani, mechi zote mbili, 2-0 na 2-0. Mzee alisimulia jambo hilo la zaidi ya miaka 90 kwa hasira mbichi, kidole kikigonga karatasi. Tirana wakachukua tena 1931 na 1932. Kisha ukaja 1933. Akatoa nakala ya picha ya zamani, imefifia kiasi kwamba nyuso za waliosimama nyuma huzioni vizuri, akaishika kwa pembe mbili tu ili asiichafue. Hao, Skënderbeu wa 1933, ndio waliokuwa timu ya kwanza nje ya Tirana kuchukua ubingwa wa Albania. Aliniachia niishike. Kwa waandaaji wa matembezi wengine niliowahi kuwalipa, picha za aina hii huoneshwa kwenye simu, mgeni anaangalia sekunde mbili basi. Huyu anakupa karatasi mkononi na kunyamaza mpaka umalize.

Enzi za ukomunisti alizieleza kwa uchungu lakini kwa mpangilio. Jeshi lilikuwa na timu yake, Partizani, na wizara ya mambo ya ndani ikawa na Dinamo, zote za Tirana. Mchezaji mzuri wa mkoani akitakiwa na jeshi, nani atakataa? Skënderbeu yenyewe ilinyang'anywa jina kwa muda ikaitwa Puna Korçë, na ilipofika 1957 ndipo mji ukapata uwanja unaotumika hadi leo, wenye nafasi ya watu kama 12,000. Siku tuliyokwenda hapakuwa na mechi. Tulisimama jukwaani tukatazama majani na milima ya Morava nyuma yake. Mji uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na ingawa Tirana tuliacha watu wamevaa fulana, hapa upepo ulipita ndani ya koti langu. Mashabiki wao wanajiita Mbwa Mwitu wa Theluji, na baada ya nusu saa kwenye zege lile niliona hawakujipachika jina la bure.

Hapo uwanjani aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kahata!" Anamkumbuka Francis Kahata wa Kenya alipokuwa akichezea KF Tirana. Nikamweleza kwamba huyo ni jirani yetu, na kwamba Kahata huyo huyo alikuja Simba mwaka 2019. Alifurahi sana, akaniomba nimwandikie jina la Simba kwenye daftari lake.

Kahawa tulinywa kwenye Soko la Zamani, mabanda yake ya mawe na mbao yamekarabatiwa vizuri, barabara za mawe zinaumiza visigino kama umevaa viatu vyenye soli nyembamba. Mezani ndipo alipotufikisha zama mpya. Ubingwa wa 2011, ule uliomaliza miaka 78. Baada yake wakamaliza kileleni tena na tena, misimu sita mfululizo mpaka 2016. Mwaka 2015 wakafika mchujo wa mwisho wa Ligi ya Mabingwa Ulaya, Dinamo Zagreb wakawatoa, wakaangukia Ligi ya Europa na kuwa klabu ya kwanza ya Albania kutinga hatua ya makundi ya mashindano ya Ulaya. Kundi lao: Besiktas, Lokomotiv Moscow na Sporting ya Lisbon.

Kule Lisbon walifungwa 5-1. Tarehe 5 Novemba 2015 wakarudiana. Mzee akavuta vipakiti vya sukari vya meza nzima, vya Sporting akavipanga upande wake, vya Skënderbeu upande wangu, kikombe cha kahawa kikawa goli. Sabien Lilaj mawili kipindi cha kwanza. Baada ya mapumziko, Bakary Nimaga, mtoto wa Mali, la tatu. Tatu bila! Kila bao alilisogeza polepole kwa kidole, kipakiti kwa kipakiti, na la Nimaga alilirudia mara ya pili kwa sababu msichana mmoja wa kundi letu alikuwa amegeuka kuagiza maji. Walimaliza mkiani mwa kundi na pointi zao tatu hizo tu. Hilo halimsumbui hata kidogo, na mimi ningekuwa yeye lisingenisumbua.

Kinachomsumbua ni kwamba mechi hiyo haikuchezwa Korçë. Uwanja wa 1957 haukukidhi masharti ya hatua ya makundi, kwa hiyo "nyumbani" pakawa Elbasan, zaidi ya kilomita mia moja kwa barabara ya milimani. Mashabiki walisafiri kwa mabasi kwenda kucheza nyumbani. Hivyo hivyo 2017, walipoingia makundi mara ya pili na kuwapiga Dynamo Kyiv 3-2: Elbasan tena. Watoto wa Korçë usiku ule mkubwa waliuangalia kwenye televisheni, dakika kumi kwa miguu kutoka uwanja wao.

Halafu 2018. Ligi na kombe, vyote viwili kwa msimu mmoja, Ali Sowe wa Gambia akiibuka mfungaji bora kwa mabao 21. Mzee akataja hayo, akafunga faili, akauliza nani ana njaa.

Nyota ya tano niliinyima hapo. Mwaka huo huo wa 2018 UEFA iliifungia Skënderbeu miaka 10 kutoshiriki mashindano ya Ulaya na kuitoza faini ya yuro milioni 1 kwa upangaji wa matokeo. Mfumo wa UEFA wa kufuatilia kamari ulikuwa umetilia shaka mechi zaidi ya 50 za klabu hiyo. Tayari 2016 walikuwa wamezuiwa kuingia Ligi ya Mabingwa, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo haikuwaokoa; ilipofika 2019 mahakama hiyo hiyo ikaithibitisha adhabu ya miaka 10. Mwaka 2022 wakashuka daraja, msimu uliofuata wakapanda. Msimulizi wa historia ya klabu hii hawezi kuyaruka haya na bado akasema amesimulia.

Nilimuuliza, kwa adabu, maana ni mtu wa rika la baba yangu. "Mzee wangu, na ile adhabu?" Akajibu kwa kifupi kwamba waliokosa ni watu wa ofisini na mechi za Sporting na Kyiv hakuna aliyeziuza. Akanyamaza. Naheshimu maumivu yake, na ninaamini ndivyo anavyolichukulia moyoni. Lakini vijana wawili niliokuwa nao hawakujua chochote, wangeondoka wakidhani Skënderbeu haipo Ulaya kwa sababu imeishiwa hela. Na kwa mtazamo wangu simulizi ingekuwa nzito zaidi akiisema: shabiki aliyepanda basi kwenda Elbasan kwa nauli yake, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, halafu akaambiwa kwamba mechi nyingine za timu yake zilikuwa zikipangwa. Huyo ndiye aliyeibiwa. Mzee ni mmoja wao, na ndiyo maana nilitaka kuyasikia kutoka kwake, si kutoka kwenye hukumu.

Mengine ni madogo. Chakula hakimo kwenye bei, na hilo lilipaswa kusemwa mapema. Tulikula kernacka, soseji fupi za nyama za mji huu, na lakror, pai ya unga iliyotandazwa tabaka jembamba, kwa bei ya kawaida tu. Bia ni ya Korçë yenyewe, kiwanda chake ni cha 1928, mimi sinywi lakini wenzangu waliisifu. Kiingereza cha mzee kinaeleweka. Kigiriki chake ni kizuri zaidi, mlioko Thessaloniki mtafaidi.

Kwa Waafrika wenzangu mnaoishi Ugiriki: kibali chenu cha ukaazi kikiwa hai, mnaingia Albania bila viza. Mpaka ni wa Kapshticë. Bebeni hela taslimu, anapokea lek na yuro, kadi hana. Chukueni koti hata kama ni Mei. Na mkikaa kwa kahawa, mwulizeni kuhusu 2018 kabla hajafunga faili, kwa sababu akishalifunga halifunguliwi tena siku hiyo.