Kayaki nyepesi kwa Ziwa Kivu: vya kununua na vya kuacha

Hapa Bukavu, kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kasia, huanza kujulikana uzito wake begani. Kutoka Nguba au Muhumba hadi ukingoni ni mteremko, na jioni unaupanda. Ya kwanza niliyojenga ilitoka kilo 31, ingawa kitambaa chake kilikuwa chepesi. Kosa lilikuwa rezini, yaani kimiminika kinachoganda na kushika kitambaa: niliimimina nikaiacha ituame. Tangu hapo, anayeniuliza kuhusu kitambaa cha nyuzi za kaboni namwambia anunue kwanza mizani ya jikoni apimie rezini.

Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, ukikipaka vizuri kwa mkono, hunywa rezini karibu sawa na uzito wake. Mkeka wa nyuzi fupi za kioo zisizofumwa hunywa mara mbili au zaidi. Hapo ndipo kilo nyingi hujificha.

Kati ya vitu vya kujengea, nafasi ya kwanza naipa tripleksi (mbao za tabaka zilizogundishwa) ya milimita 4: vipande vinashonwa kwa waya, kisha vinafunikwa kitambaa cha kioo cha gramu 200 kwa mita ya mraba, pamoja na epoksi, rezini inayoganda ikichanganywa na kigumishi. Kayaki ya mita 5 hutoka kilo 18 hadi 20 kwa mjenzi mwenye subira. Mbao nzuri zaidi kwa kazi hii ni okume, mti wa Gabon na jirani zake, kwa sababu ni nyepesi na hushikana vizuri na epoksi. Muuzaji akikuapia kwamba gundi ya tripleksi yake haiogopi maji, omba kipande ukakichemshe saa moja. Tabaka zikiachana, usinunue, hata akikupunguzia bei nusu.

Ya pili ni kitambaa cha kioo na rezini bila mbao, juu ya kalibu, yaani umbo la kuigiza, kilo 24 hadi 26 kwa kawaida. Ni nzito, lakini ukienda Goma, kwenye fukwe za mawe ya volkano yanayokata kama wembe, utaipenda. Ikichubuka, kiraka kinamalizika jioni moja.

Ya tatu ni aramidi, ile wengi wanayoiita Kevlar, iliyozaliwa mwaka 1965 mikononi mwa Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont. Sentimita ya ujazo moja ya nyuzi zake ina gramu 1.44, ya kioo inapita 2.5. Haipasuki ovyo. Ila jua huidhoofisha, unyevu huingia ndani yake, na ukiipiga msasa inatoa manyoya yasiyokatika. Kwa hiyo iweke ndani ya tumbo la kayaki, kioo kikae nje.

Kaboni naiweka ya nne. Ni ngumu na nyepesi kuliko zote, lakini jiwe lenye ncha huivunja pale ambapo aramidi ingevumilia. Ikigusana na alumini penye maji, alumini huliwa.

Mkeka na poliesta, aina nyingine ya rezini, ndio mwisho. Poliesta haishiki mbao vizuri, na moshi wake unaumiza kichwa na mapafu. Usijaribu pia kuuokoa mkeka huo kwa epoksi: gundi inayoshikilia nyuzi za mikeka mingi imetengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta, si ndani ya epoksi.

Kuhusu epoksi, pima kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka ni kuiharibu. Usiku wetu ni baridi, kwa hiyo ipe siku nzima, na ujenge kati ya Juni na Agosti mvua zikiwa mbali. Ukikuta utando wa mafuta juu yake, osha kwa maji kabla ya msasa.

Sasa umaliziaji, ambapo watu huharibu kazi nzuri. Gelkoti, yaani tabaka nene la nje la rezini yenye rangi, ya nusu milimita juu ya mita 4 za mraba ni lita 2, yaani zaidi ya kilo 2. Mimi nachagua vanishi ya poliyurethani ya kopo mbili zinazochanganywa, yenye kinga ya jua, mipako mitatu myembamba. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari, na jua la huku hugeuza epoksi tupu kuwa njano, kisha unga. Sehemu ya juu ipake rangi nyeupe: epoksi nyingi zilizokauka bila joto la tanuri huanza kulegea kwenye nyuzi joto 50 hadi 60 za Selsiasi, na rangi nyeusi juani hufika huko. Vanishi ikipoteza mng'ao, pitisha msasa laini na uongeze mpako mmoja kabla ya mvua za Septemba.