Tangi la kwanza la matumbawe nyumbani: lipi la kununua

Muuzaji atakuelekeza kwenye lile dogo la mezani kwa sababu bei yake haitishi. Mimi naliweka la mwisho. Mpangilio huu ni wa anayeishi pwani, Dar, Zanzibar au Mombasa, ambako shida kubwa ni joto na umeme kukatika.

1. Lita 100 hadi 150, lenye chumba cha nyuma. Pampu na sponji hukaa nyuma ya ukuta mweusi, huna mabomba ya kuunganisha. Maji yanatosha kiasi kwamba ukizidisha chakula siku moja, hayaharibiki papo hapo. Kumbuka lita 120 ni kilo 120 kabla hujahesabu kioo na mawe, kwa hiyo meza ya televisheni iache ibebe televisheni.

2. Lita 200 na zaidi, lenye sampu chini, yaani tangi la pili la kuchujia maji. Kwa matumbawe yenyewe hili ndilo bora, na skima ya kutoa uchafu kwa povu inapata nafasi. Lakini linakula umeme na chumvi, na mpangaji anayehamahama asilinunue.

3. Tangi kuukuu la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Rahisi ukilipata zima. Kagua silikoni kwenye pembe, kisha uliza kama samaki waliwahi kutibiwa humo kwa dawa ya shaba. Shaba huua kamba, konokono na matumbawe, na kuiondoa ni kazi. Jibu likiwa la kusitasita, ondoka.

4. La mezani, lita 20 hadi 40. Maji hukauka, chumvi hubaki. Katika tangi dogo, glasi chache zikipotea mchana mmoja wa Januari, chumvi imeshapanda.

Taa ya bei kali isubiri. Nunua kwanza feni ya kupuliza uso wa maji, maana hita huku utaiwasha mara chache sana. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Joto la 1998 lilipausha matumbawe baharini kwenyewe, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Feni huongeza ukaukaji, hivyo jazia kila siku kwa maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando maalumu) yasiyo na chumvi. Maji ya bomba huleta mwani. Kinachofuata ni rifraktomita, kifaa cha kupima chumvi kwa uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi, nayo isome 1.025, halafu pampu ya hewa ya betri kwa usiku wa giza.

Maji ya bahari ya bure? Yanafaa, ukiyachota bamvua ikiwa imejaa, mbali na mitaro na midomo ya mito, na siyo wakati wa masika. Ukishindwa, changanya chumvi maalumu ya akwariamu za bahari, takriban gramu 35 kwa lita. Ya jikoni haifai kabisa.

Matumbawe usiyang'oe baharini, hasa kwenye hifadhi kama Malindi na Watamu. Nunua vipande vilivyokuzwa tangini, na uanze na yale laini kama zoanthasi.

Mawe yakae ndani wiki nne hadi sita, mpaka vipimo vya amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu, visome sifuri. Ndipo uingize samaki wawili wadogo. Yule wa buluu mwenye mkia wa njano (blue tang) mwache dukani: hufika karibu sentimita 30, na hakuna tangi hata moja kati ya yale madogo hapo juu litakalomtosha.