TAHADHARI: Lenzi "mpya" za deki zinazotumwa kwa basi. Nimeletewa kumi, nane ni mizoga

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa kibandani kwangu hapa Dodoma. Mbele yangu kuna lenzi kumi za deki nimezipanga juu ya gazeti, na nane kati ya hizo hazifai hata kuchezea mtoto. Kama wewe ni fundi unayepokea deki za VCD na DVD, au una deki moja nyumbani na unaitafutia spea, soma hapa kwanza kabla hujamtumia mtu hela.

Najua wapo watakaocheka: mwaka huu nani bado anatengeneza deki? Nimeshachekwa sana, nimezoea. VCD ilianza 1993, na huku kwetu ilikuja kutawala mpaka kila kibanda cha video kilikuwa na shelfu yake. Leo hakuna duka linaloleta filamu mpya za VCD, hilo halina ubishi. Lakini harusi iliyofungwa 2006 haiwezi kufungwa tena ili ipigwe picha kwa simu. Mpiga video aliwakabidhi maharusi diski mbili kwenye kava la plastiki, mbili kwa sababu diski moja ya VCD inabeba dakika 74 hadi 80 tu, na mara nyingi hiyo ndiyo nakala pekee duniani. Weka na kwaya za vijijini, ubatizo, kipaimara, mazishi ya babu. Watu wa Mvumi, Kongwa na Bahi wananiletea deki imefungwa kwenye khanga kama mgonjwa.

Na ugonjwa, mara nane kati ya kumi, ni lenzi. Sehemu nyingine ninazimudu: mkanda wa trei ukilegea naweka mwingine, kapasita ikivimba nabadilisha, mota ikichoka nachomoa kwenye deki mfu. Lenzi huwezi kuitengeneza. Ni jicho la kusomea diski. Likichoka limechoka.

Hapa wengi wanachanganya, kwa hiyo ngoja nieleze, maana tapeli anakula kwenye huku kuchanganya. Ndani ya lenzi ya deki ya DVD kuna leza mbili. Moja ni nyekundu, ya nanomita 650, hiyo ni ya DVD. Nyingine ni ya nanomita 780, ambayo macho hayaioni vizuri, na hiyo ndiyo ya CD na VCD. Ndiyo maana mteja anakuja analalamika: "Fundi, DVD inacheza safi, nikiweka ya harusi inaandika NO DISC." Leza moja imekufa, nyingine mzima. Na diski za harusi ni zile za kuchoma kwenye kompyuta, zina rangi ndani yake ambayo leza nyekundu haiwezi kuisoma. Kwa hiyo lenzi iliyokufa upande wa 780 ni kipofu kabisa kwa mteja wangu, hata kama inacheza DVD kama mashine ya jana.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe.

Mwezi wa tatu niliuliza huku na kule nani ana lenzi za HD62, zile zinazoingia kwenye deki nyingi za Kichina. Akanitafuta jamaa, lugha laini, "kaka mkubwa" kila sentensi. Akasema ana duka Kariakoo na kontena limeingia wiki hiyo. Bei 6,500 kwa moja nikichukua kumi. Mimi nimezoea kununua kwa 11,000 au 12,000, na hapo ni baada ya kubembeleza. Nikamwomba video. Akatuma video ya dakika moja: lenzi inawekwa kwenye deki iliyofunguliwa, diski inazunguka, picha inatokea, watu wanacheza ngoma. Safi kabisa. Nikatuma 65,000 na 5,000 ya basi.

Hapa nijilaumu kidogo. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu ilinionyesha jina la mwanamke. Nikamuuliza. Akajibu, "Huyo ni dada yangu, ndiye anashika hela za dukani." Nikakubali. Mtu mzima mwenye ndevu, nikakubali.

Mzigo ulifika kweli stendi ya Nanenane kesho yake jioni, na hilo ndilo linalofanya utapeli huu uwe mbaya kuliko ule wa kutuma hela na mtu akapotea hewani. Unapokea boksi, unatia saini, unamshukuru konda. Unampigia muuzaji, anapokea, anacheka na wewe. Huna sababu ya kushtuka.

Ya kwanza nilimfungia mzee mmoja wa Chamwino, mstaafu, ana diski ya harusi ya binti yake ambaye sasa hayupo. Alipokuja mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitika na kunisukumia deki: "Marahaba kijana wangu. Mashine imepata mtoto wa jicho." Nikafunga lenzi, nikaweka diski yake, picha ikatoka bila chenga. Alisimama akaangalia mpaka keki inakatwa, akalipa 25,000, akaondoka na deki kwapani.

Siku ya sita alirudi. Hakugomba. Aliiweka deki mezani taratibu, akasema, "Fundi, umenipandikizia jicho la marehemu."

Nilimpa kiti, nikafungua deki mbele yake. Lenzi inapanda, inashuka, inapanda tena, haioni kitu. Nikachukua ya pili kwenye boksi. Ikacheza dakika arobaini, ikaanza kukwama. Ya tatu haikuwaka kabisa. Ndipo nikachukua kioo cha kukuzia, kile ambacho ningekitumia siku mzigo umefika kama tamaa ya bei isingenifunga macho.

Nilichokiona ni hiki. Pembeni ya lenzi kuna virezista viwili vidogo vya kuzungusha, vina mfereji wa bisibisi katikati. Hivyo ndivyo vinavyoamua leza ipewe umeme kiasi gani, na kiwandani vinawekwa mara moja tu. Kwenye zangu, saba kati ya kumi, mfereji ulikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Mtu amezungusha. Maana yake nini? Leza ikizeeka inahitaji umeme zaidi ili itoe mwanga uleule. Ukikizungusha kile kirezista unailazimisha kula umeme mwingi, inaamka, inasoma, inapendeza kwenye video ya dakika moja. Lakini inachemka kuliko uwezo wake, na siku chache baadaye inakufa moja kwa moja. Ni kama kumpa ng'ombe mgonjwa chumvi na maji mengi asubuhi ya mnadani. Mafundi tunaijua mbinu hii. Hata mimi nimeshaifanya kumwokoa mteja anayetaka kunakili diski usiku huohuo, lakini nilimwambia wazi kwamba hii ni pumzi ya mwisho. Kuifanya, halafu ukaifunga kwenye mfuko na kuiita mpya, huo ni wizi.

Alama nyingine ni tone la risasi, hii ya kulehemu. Lenzi nyingi mpya zinatoka kiwandani zikiwa na tone dogo la risasi lililounganisha vidole viwili karibu na leza. Kazi yake ni kuilinda na umeme tuli, ule unaoruka kutoka kwenye mwili wa mtu. Na kwa wenzangu wa Dodoma hili si hadithi: Julai hapa hewa ni kavu, ukivua sweta usiku linapasukapasuka na cheche unaziona. Cheche ndogo namna hiyo inatosha kuua leza. Kwa hiyo fundi anafunga lenzi kwanza, kisha anaondoa tone. Lenzi ikija tone limeshaondolewa, imebaki alama ya kuyeyushwa tu, jua iliwahi kukaa ndani ya deki nyingine. Zangu zote kumi hazikuwa na tone.

Mifuko nayo. Lenzi mpya inakaa kwenye mfuko maalumu wa kuzuia umeme tuli, na mara nyingi juu yake kuna kiboksi cha plastiki. Hizi zilikuwa kwenye vifuko vyeupe, mdomo umeunganishwa kwa moto, vilevile vya karanga. Kioo cha lenzi, ukikigeuza kwenye mwanga, kilikuwa na mikwaruzo ya duara ya kufutwa kwa pamba. Na kilichoniudhi kuliko vyote: kwenye meno ya gia, chini ya grisi, kulikuwa na vumbi jekundu. Jamani, kitu kimetoka kiwandani China, kimepata wapi vumbi la barabarani?

Nikampigia. Mara ya kwanza aliniambia deki zangu ndizo zinazoua lenzi. Mara ya pili akasema atanibadilishia nikimtumia 5,000 ya nauli ya mzigo wa kurudisha. Angalia hapo, anataka kukuliza mara mbili. Mara ya tatu namba haipatikani. Fundi mwenzangu wa Majengo nilipomsimulia alinyamaza, kisha akafungua droo: vifuko vilevile, vitano. Aliona aibu kusema. Mwingine yuko Singida, naye amepigwa kwa picha ileile na "kaka mkubwa" ileile, ila kwake jina la hela lilikuwa la mwanamke mwingine.

Sitaji namba hapa. Laini anabadilisha kama soksi, na namba ya leo kesho inaweza kuwa ya mama muuza vitumbua asiyejua lolote. Polisi nimefika, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo, na namba alizotumia nimezituma 15040 kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inavyoelekeza. Wewe uliyepigwa fanya hivyo hivyo, hata kama ni 6,500 tu, maana mmoja mmoja tunaonekana wajinga, tukiwa kumi ni kesi.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu. Usiombe video ya lenzi inayocheza, hata mfu anacheza kwa dakika moja. Omba picha ya karibu ya virezista na ya tone la risasi, na karatasi yenye tarehe ya leo iwe pembeni. Muuzaji mkweli atakupiga picha huku anakushangaa. Huyu wangu ningemwomba angesema simu yake kamera mbovu. Ukiweza kupata mtu aliyeko Kariakoo akakague na kulipa palepale, mlipe huyo soda, ni rahisi kuliko hasara yangu. Ukishaipokea, usiipe kazi ya mteja kabla haijazunguka saa mbili mfululizo, na usijaribie mwanzo wa diski pekee. Diski inasomwa kutoka ndani kwenda nje, na huko ukingoni ndiko inakoyumba zaidi, ndiko lenzi dhaifu inakoaibika. Na mtu akikuambia uchungulie leza kwa jicho kuona kama inawaka, mkimbie. Ile ya 780 huioni lakini inaunguza jicho hivyohivyo. Tumia kamera ya simu, ukiwa pembeni, utaona kinuru cha zambarau.

Usitegemee pia kwamba spea zitarudi kuwa nyingi. Waliokuwa na LaserDisc, zile sahani za sentimita 30 za zamani kabla ya DVD, walipita njia hiihii. Pioneer ilitangaza Januari 2009 kwamba inaacha kutengeneza deki zake, na tangu hapo wenye nazo wanakula nyama ya deki nyingine. Sisi ndiko tunakoelekea. Kwa hiyo deki mfu usiitupe na usimpe mwokota vyuma chakavu. Niletee, au mpe fundi wa mtaani kwako. Sina hakika watu wanaelewa kwamba huyo tapeli mali yake inatokana na deki tunazotupa wenyewe.

Na kwa mwenye diski, usisubiri deki. VCD inasomwa na kompyuta yoyote yenye tundu la CD. Fungua diski, ingia folda inaitwa MPEGAV, utakuta faili AVSEQ01.DAT. Linakili hilo, ndiyo harusi yenyewe. Programu ya VLC inalicheza bila kubadilisha chochote. Ikikwama, osha diski kwa maji na sabuni kidogo, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Habari za dawa ya meno waachie wenye muda.

Yule mzee wa Chamwino nilimrudishia hela yake yote. Diski nimeinakili kwenye flashi mbili, moja ya kwake na moja ya mjukuu. Alizipokea, akaziangalia, akazitia mfukoni. Kisha akauliza, "Na deki yangu itapona lini?"

Jumamosi anakuja kuichukua. Katika zile kumi mbili zilipona majaribio ya saa mbili, moja nimemfungia yeye. Ya pili imekaa kwenye kopo la maziwa juu ya shelfu, na nawaambia mapema, haiuzwi. Ni ya kwake hii ikichoka.