Duka la dawa njia ya sokoni Malindi, nawapa nyota nne

Babangu alipasuliwa kifua, karudi nyumbani kukohoa hawezi, hata kupumua ni kwa kuiba, na mimi nilijua akiumwa naongeza Panadol basi. Yule dada wa kaunta akaomba karatasi ya hospitali kwanza, akaisoma yoooote, ndo akanieleza parasetamoli (ndo hiyo Panadol) apewe kwa saa zake asingoje kuumwa, isizidi gramu 4 kwa siku, na kwamba hiyo na ile tramadoli aliyoandikiwa, dawa kali ya maumivu, zinafanya kazi njia tofauti kwa hiyo zikienda pamoja ile kali inahitajika kidogo. Nikamwambia nyumbani kuna diklofenaki na ibuprofeni pia, akaruka! "Kakangu, hizo mbili ni ndugu, usimchanganyie, zitamla tumbo na figo." Kila pakiti akaiandika saa kwa kalamu nyekundu, na eti mzee akitaka kukohoa akumbatie mto kifuani. Usiku ule alilala wallahi.

Nyota moja nimekata, feni yao haizunguki na joto la Malindi mnalijua, halafu tramadoli ilimfunga choo siku tatu na hakunigusia hilo, mpaka niliporudi ndo nikapewa ya kulainisha.