Uzoefu wangu na programu inayomficha mteja tokeni aliyoilipia

Nilikuwa nimekusudia kuipa programu hii nyota tatu, kwa sababu mimi si mtu wa kumwaga hasira hadharani, na kwa sababu, ukiondoa jambo moja, si programu mbaya. Lakini jambo hilo moja ndilo kazi yenyewe, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo nyota zinavyopungua. Ninawaandikia wenzangu wanaonunua umeme wa Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla hapa Uganda, ambao ukishalipa hupewa tokeni ya tarakimu za kuingiza kwenye mita, kupitia kwa wauzaji wa mtandaoni, wajue kinachowangoja. Sitazungumzia bei, ada wala mitandao ya simu inayokubaliwa. Hayo yote yameandikwa kwenye ukurasa wao wa kwanza, tena kwa herufi kubwa.

Nianze na haki yao. Ukiingiza nambari ya mita, programu hukuonyesha jina la mwenye mita kabla hujalipa hata shilingi. Kwa sisi tunaoishi Walukuba, ambako nyumba moja inaweza kuwa na wapangaji kadhaa na mita imeandikishwa kwa jina la mtu ambaye hajaonekana hapa kwa miaka, hilo ni jambo la maana sana. Mimi hufundisha kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi hapa Jinja, na siku zote huwaambia wanafunzi wangu kwamba fomu njema ni ile inayolizuia kosa lisitokee, wala si ile inayongoja litokee ndipo ikutolee maandishi mekundu. Katika hilo walifaulu. Tena programu ni nyepesi na haili bando. Tangu Julai 2021 data tunayonunua hutozwa ushuru wa asilimia 12, ulioletwa badala ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, kwa hiyo mtu anayetupakulia picha nzito zisizo na kazi anatutoza mara ya pili. Hawa hawakufanya hivyo, na ninawashukuru kwa dhati. Kwamba tovuti yao ukiifungua kwa simu inakusukuma uende ukapakue programu, hata kama ulitaka kulipa mara moja tu na kuondoka, ni kero ndogo ambayo kwa siku ya kawaida ningeinyamazia.

Sasa tuje kwenye tokeni.

Jioni moja, nadhani ilikuwa mwezi uliopita, yuniti zilituishia chakula kikiwa bado jikoni. Nikalipa, nikaingiza nambari ya siri, na pesa zikakatwa papo hapo; ujumbe wa kukatwa pesa haujawahi kuchelewa nchini humu. Kisha ukatokea ukurasa wa kunipongeza. Nusu nzima ya ukurasa huo ilikuwa mchoro wa balbu inayowaka. Chini ya balbu, kwa maandishi membamba ya kijivu juu ya weupe, zilikuwapo tarakimu 20 za tokeni, zimeshikana zote bila nafasi wala kistari, na chini yake duara dogo lililokuwa likihesabu kurudi nyuma kutoka dakika moja. Nikazishika kwa kidole ili nizinakili, zikakataa. Nikajaribu kupiga picha ya skrini, simu ikaniambia kwamba programu hii hairuhusu.

Naomba waliobuni ukurasa huo wafikirie hali ya mtu anayeusoma. Nyumba imo gizani, na imo gizani kwa sababu ile ile iliyomfanya aifungue programu yao. Mita iko ukutani kwenye ujia, na vitufe vyake vimefutika kwa kubonyezwa miaka mingi. Mkono mmoja unabonyeza, mwingine umeshika simu, na simu hiyo hiyo ndiyo tochi. Ukiielekeza kwenye vitufe huoni tokeni, ukiigeuza uone tokeni huoni vitufe, na kila unapogeuza, jicho lazima litafute upya lilipoachia katika safu ile ndefu ya tarakimu zisizo na alama yoyote ya kupumzikia. Duara lilimaliza hesabu yake kabla sijamaliza kubonyeza. Ukurasa ukajifunga wenyewe, ukanirudisha mwanzoni, ambako niliulizwa kama ningependa kununua umeme.

Sikufadhaika. Nikaenda kwenye historia ya miamala, nikijua kwamba hapo kila kitu huhifadhiwa. Na kweli kilikuwa kimehifadhiwa: tarehe ipo, kiasi kipo, nambari ya mita ipo, na mahali pa tokeni wameweka nyota 20, zimepangwa vizuri katika mafungu ya nne nne. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo lililonipandisha hasira kuliko yote. Tokeni yenyewe hawakuona haja ya kuigawa, lakini nyota, ambazo hakuna mtu yeyote duniani anayehitaji kuzisoma, wamezigawa. Chini yake pameandikwa kwamba tokeni imefichwa kwa usalama wangu. Ujumbe mfupi walioahidi kunitumia haukufika usiku ule, na mpaka leo haujafika.

Kuhusu kugawa tarakimu hakuna siri iliyohitaji utafiti mpya. Mwanasaikolojia wa Marekani George Miller alichapisha mwaka 1956 makala kuhusu mipaka ya kumbukumbu ya muda mfupi, akakadiria kwamba mtu hubeba kichwani kama vitu saba kwa wakati mmoja, viwili zaidi au viwili pungufu, na akaonyesha kwamba ukivikusanya vitu katika mafungu, fungu zima hubebwa kama kitu kimoja. Ndiyo maana nambari za kadi za benki hupigwa chapa kwa mafungu, na ndiyo maana muuzaji wa duka la pembeni, ambaye sidhani kama amewahi kumsikia Miller, anapokuandikia tokeni kwa kalamu huiandika nne nne bila kuambiwa. Kuhusu rangi na muda pia miongozo ipo. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya tovuti na lililoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, linataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na kama ukurasa una ukomo wa muda, mtumiaji aweze kuuzima au kuurefusha, au aonywe mapema na apewe sekunde zisizopungua 20 za kuomba muda zaidi kwa kitendo chepesi kama kubonyeza kitufe kimoja. Mimi niliona duara. Kitufe sikukiona.

Lakini tuseme yote hayo ni uzembe, na uzembe husameheka. Kisichosameheka ni hoja ya usalama, kwa sababu hoja hiyo si kweli. Mita zetu hutumia mfumo wa STS wa tokeni za umeme wa kulipia kabla, uliozaliwa Afrika Kusini na ambao sasa ni kiwango cha kimataifa. Zile tarakimu 20 ni ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa mita moja tu. Ukiziingiza kwenye mita ya jirani zinakataliwa, na ukizirudia kwenye mita yako baada ya kukubaliwa mara moja zinakataliwa pia, kwa sababu ndani yake mna alama ya wakati ambayo mita huikumbuka. Alama hiyo ndiyo iliyofanya mita za mfumo huu duniani kote zihitaji kuingiziwa tokeni maalumu kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, kwa kuwa hesabu iliyoanzia mwaka 1993 ilikuwa inafika ukomo wake. Sasa niambiwe: mwizi akiipata tokeni yangu ataifanyia nini? Labda aje mpaka Walukuba usiku, abishe hodi, aniingizie umeme nilioulipia mimi, kisha aende zake. Nambari ya siri ya pesa za simu ina sababu ya kufichwa, maana anayeiona anaweza kuondoka na pesa zangu. Kuificha tokeni ni kuiga sura ya usalama bila kuuliza kinachohifadhiwa ni nini na dhidi ya nani.

Nilipiga simu huduma kwa wateja nikiwa na chaji kidogo sana. Baada ya muziki mrefu alipokea kijana.

“Madamu, mfumo unaonyesha kwamba tokeni ulishapewa.”

“Nilipewa kwa dakika moja, mwanangu. Sasa ninaona nyota tu.”

“Hiyo ni kwa usalama wako, madamu. Wateja wengine hawalalamiki.”

Nikamweleza kuhusu giza, kuhusu mita, kuhusu simu ambayo ni tochi. Akanijibu kwamba ningepaswa kujiandaa kabla ya kulipa, yaani nikae na kalamu na karatasi, kwa sauti ambayo hapa kwetu kijana hamsemeshi nayo mtu aliye sawa na mama yake. Hapo nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria kabla: je, wewe unaiona?

Akasema, “Ndiyo, mimi naiona.”

Yaani tokeni inafichwa kwa mwenye mita, mwenye pesa na mwenye giza, lakini mfanyakazi ambaye hatujawahi kuonana anaisoma yote kwenye skrini yake bila nyota hata moja. Na ili anisomee alitaka uthibitisho gani kwamba mimi ni mimi? Aliniuliza nambari ya mita na jina la mwenye mita, basi. Nambari ya mita imebandikwa kwenye mita, na jina la mwenye mita ni lile lile ambalo programu yao humwonyesha yeyote anayeingiza nambari hiyo. Sifa niliyowapa hapo juu siifuti, kwa sababu kuliona jina kabla ya kulipa kunasaidia kweli; lakini wangeweza kuonyesha herufi chache za kila jina, mlipaji angetambua kama ni sahihi, na mpita njia asingejifunza jina la mtu. Walichokuwa nacho cha kuficha wamekianika, na kisichohitaji kufichwa wamekifunika.

Kijana alianza kunisomea tarakimu kwa mbio, kama wapiga debe wa steji ya matatu wanavyotaja vituo. Nikamwomba asome nne nne na asubiri nimwambie “endelea”. Alishusha pumzi, nikaisikia, lakini alifanya hivyo, na mita ikakubali. Sitamdhulumu: baada ya taa kuwaka alisubiri kwenye laini mpaka nilipomwambia kwamba yuniti zimeonekana, na akaniaga kwa adabu kuliko alivyonipokea. Ukitazama vizuri, yule aliyeniudhi ndiye pekee usiku ule aliyeitoa tokeni jinsi ilivyostahili kutolewa, kwa mafungu, kwa mwendo wa anayebonyeza, bila duara. Inawezekana hata yeye amechoshwa na kuyasoma hayo kwa watu kutwa nzima. Wakubwa wake wangefuta mistari michache ya programu, wakampumzisha yeye na sisi.

Nimeambiwa na wanafunzi wangu kwamba nina hasira kwa sababu ninaishi hatua chache kutoka bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls, na bado ninakaa gizani. Sivyo. Umeme wenyewe siku ile ulikuwepo, waya zilikuwa nzima, pesa nilikuwa nazo na nililipa. Kilichosimama kati yangu na taa ni ukurasa mmoja.

Basi nyota ngapi? Tatu nimeshazikataa. Nilifikiria mbili, kwa ajili ya wepesi wake na kwa ajili ya lile jina la mwenye mita. Nikikumbuka nyota 20 zilizopangwa nne nne ninarudi kwenye moja, na hiyo moja ninaitoa kwa sababu haiwezekani kutoa sifuri. Hivi majuzi walileta toleo jipya. Nikalipakua nikidhani huenda mtu amesoma malalamiko. Vitufe vimekuwa vya rangi ya machungwa na balbu sasa inametameta. Historia ya miamala iko vile vile. Kama watairuhusu tokeni ionekane na inakilike, nitabadilisha hukumu yangu siku hiyo hiyo na nitawapa nne bila kinyongo, kwa sababu sehemu nyingine zote zilifanywa na watu wanaojua kazi.

Kwa sasa ninanunua kwa kupiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel, kutegemea ni laini ipi ina pesa, na tokeni inakuja kwa ujumbe mfupi ambao haujifungi, haunihesabii, na unakaa kwenye simu mpaka niufute mwenyewe. Programu sijaiondoa. Ninaitumia kuhakikisha jina la mwenye mita kabla ya kumnunulia mama umeme kule Iganga, kisha ninaifunga na kulipia kwa njia nyingine.