Gobore la Kisasa kwa Yadi 300: CVA Accura LR-X au Paramount?

Karibuni tena, watazamaji. Leo mezani kuna gobore. Ukisikia neno hilo, weka pembeni lile la mhunzi wa kijijini lenye bomba la chuma na kitako cha mti. Tunazungumzia magobore ya kiwandani ya Marekani: mtutu usioshika kutu, darubini juu, na fataki, kile kidude kinachowasha baruti, iliyokaa nyuma ya baruti, kwenye mstari mmoja na mtutu. Mtindo huu ulienea baada ya Tony Knight wa Missouri kutoa MK-85 mwaka 1985. Kujaza bado ni kulekule mdomoni: baruti, risasi, halafu mdeki, ile fimbo ya kushindilia. Na risasi ni moja tu.

Wengi wenu mlioko Ohio, Iowa na majimbo ya jirani mnauliza: nichukue lipi nimpige kulungu yadi 300, yaani mita 274? Tutaangalia mawili ya kampuni ya CVA, Accura LR-X na Paramount. Ila kabla hujatoa pesa, fungua kijitabu cha sheria za uwindaji cha jimbo lako, cha mwaka huuhuu. Hapo ndipo watu wanapopoteza hela.

Chukua Colorado. Katika msimu wa magobore, darubini hairuhusiwi, baruti ya vidonge hairuhusiwi, na risasi yenye koti la plastiki, ile saboti, hairuhusiwi. Urefu wa risasi usizidi mara mbili ya kipenyo chake. Kwa elki, yule kulungu mkubwa, unatakiwa kaliba, yaani kipenyo cha mtutu kwa inchi, ya .50 kwenda juu. Kwa hiyo Paramount ya .45 na risasi yake ndefu, bunduki iliyoundwa kwa ajili ya masafa, haina kazi kwa elki wa Colorado msimu huo. Idaho wamebana zaidi: nyundo iwe ya nje inayoonekana, na fataki namba 209 hazikubaliki. Pennsylvania, msimu wa baada ya Krismasi ni wa magobore yanayowashwa kwa cheche za jiwe la kiberiti peke yake. Na kwa watazamaji wa Kenya, mnajua uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo kwenu hii ni elimu tu.

Tuseme jimbo lako linaruhusu. Sasa usianze kuangalia bunduki. Anza na risasi, kwa sababu ndiyo itakayokwambia ununue mtutu gani.

Mzigo uliozoeleka wa kaliba .50 ni risasi ya greni 250 ndani ya saboti. Greni moja ni gramu 0.065, kwa hiyo hiyo ni kama gramu 16. Inatoka kwa futi 1,950 hivi kwa sekunde. Ni nene na fupi, upepo unaikamata. Upande wa pili kuna risasi ya .45 ya greni 280, PowerBelt ELR, ndefu na yenye ncha kali, ambayo Paramount huisukuma kwenye futi 2,200 kwa sekunde. Nimezipigia hesabu zote mbili, darubini ikiwa imerekebishwa yadi 200. Kufika yadi 300, ile ya .50 imeshuka kama sentimita 80. Ile ya .45 imeshuka kama sentimita 35. Kushuka kunarekebishika kwenye darubini ukijua umbali. Shida kubwa ni upepo. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao unatikisa majani tu, unaisogeza ya .45 kama sentimita 27. Ya .50 inasogea zaidi ya sentimita 80. Maana yake unalenga bega, risasi inaingia tumboni au inapita hewani kabisa. Mnyama aliyepigwa tumbo anakimbia mbali na anakufa vibaya. Kwa sababu hiyo sipendekezi saboti ya .50 yadi 300, hata kama boksi limeandikwa hivyo. Mwisho wake kwangu ni yadi 200, siku tulivu.

Risasi ndefu inahitaji mtutu unaoizungusha haraka zaidi. Mistari ya ndani ya mtutu wa .50 wa kawaida inamaliza mzunguko mmoja kwa inchi 28. Kwa .45 za LR-X na Paramount ni inchi 22. Ukiweka risasi ndefu kwenye mtutu wa mzunguko wa polepole, itayumba, na kwenye karatasi utaona tundu la ubavu badala ya duara. Ukiona tundu kama hilo usihangaike na darubini, badilisha risasi.

Sasa bunduki zenyewe. Accura LR-X ni ya kukunja katikati, mtutu wa Bergara wa inchi 30, kaliba .45 au .50. Kizibo cha nyuma kinafunguka kwa mkono, fataki ni 209 za kawaida zinazopatikana duka lolote la risasi. Mtutu mrefu unaipa baruti nafasi ya kuungua yote, ila ukikaa kwenye kibanda kidogo cha juu ya mti utaugonga kila upande. Paramount ni ya bolti, yaani komeo la kuvuta kwa mkono nyuma ya mtutu, na ina mtutu wa Bergara wa inchi 26, na imeundwa kuhimili kipimo cha baruti kikubwa kuliko magobore mengine. Bei yake huanza karibu dola 1,000 na kupanda. Fataki yake haiingii moja kwa moja: unaibana kwanza ndani ya kikombe kidogo cha chuma kiitwacho VariFlame, na ni fataki ya raifo, saizi kubwa. Faida yake ni kwamba gesi hairudi nyuma kuchafua bolti na darubini. Hasara yake ni kwamba kikombe kikianguka kwenye theluji umemaliza siku. Tembea na vitano vilivyokwisha kubanwa, kwenye mfuko wenye zipu.

Triga zote mbili ni nzuri, sina la kuongeza hapo. Darubini ifunge kwa kuacha angalau sentimita 10 kati ya kioo na jicho, maana teke la mizigo hii si la kawaida.

Baruti: kwa masafa ninatumia jina moja, Blackhorn 209. Inaacha uchafu mdogo, unaweza kupiga risasi kadhaa bila kupitisha kitambaa. Triple Seven ina nguvu pia, lakini huacha pete ngumu ya masizi chini karibu na kizibo, na usipoifuta risasi ya pili haikai pale ilipokaa ya kwanza. Blackhorn inataka fataki kali, Federal 209A au CCI 209M. Ukiitia fataki dhaifu zilizotengenezwa kwa ajili ya baruti za vidonge, utasikia mlio, kimya kidogo, halafu ndipo bunduki inalipuka. Ikichelewa hivyo, usishushe mtutu. Uelekeze salama na uhesabu dakika nzima.

Nisikilizeni hapa kwa makini. Vipimo vya magobore huandikwa kwa ujazo, siyo kwa uzito. Greni 100 za ujazo za Blackhorn zina uzito wa greni 70 tu kwenye mizani. Mtu akisoma 100 kwenye kitabu akapima 100 kwenye mizani, ametia karibu 143 za ujazo. Kwa gobore la kawaida la .50 lenye ukomo wa 120, hiyo ni hatari kabisa. Pima kwa mizani, sawa, ni sahihi zaidi, lakini zidisha kwa 0.7 kwanza. Kila modeli ina ukomo wake kwenye kitabu chake, na ukomo wa Paramount usiuhamishie LR-X. Na baruti ya kisasa ya risasi za raifo isiguse kabisa mtutu wa bunduki hizi mbili. Mtutu utapasuka.

Jambo la pili ni kukaza kwa risasi. Mitutu ya kaliba moja hupishana kidogo kwa kipenyo. Risasi iteremke kwa mkandamizo ulio sawa kutoka juu hadi chini. Ukilazimika kuipigapiga, inabana mno. Ikishuka kama jiwe kisimani, imelegea, na ukitembea mtutu ukiangalia chini itateleza iachane na baruti. Nafasi hiyo ya hewa ndiyo inayovimbisha mtutu. Dawa yake ni alama mbili kwenye mdeki: moja bunduki ikiwa tupu, nyingine ikiwa na mzigo wako kamili. Kabla ya kupanda kibandani, ukiwa hujaweka fataki, shusha mdeki uone alama ya pili iko sawa na mdomo wa mtutu.

Kurekebisha shabaha, toa mafuta yote ndani ya mtutu, lipua fataki moja bila mzigo ili kukausha, kisha anza yadi 50, nenda 100, ndipo 200. Piga tatu, acha mtutu upoe mpaka mkono ukae juu yake bila shida. Mtutu ukiwa wa moto, plastiki ya saboti hulainika na risasi hutawanyika, ukadhani darubini imeharibika. Angalia pia risasi ya kwanza ya mtutu msafi inapoangukia, maana mara nyingi hukaa tofauti na zinazofuata.

Uamuzi wangu: kama unawinda hadi yadi 200 na unataka kitu kisicho na mambo mengi, chukua LR-X ya .45, hata kama jirani anakwambia .50 ndiyo bunduki ya kiume. Kama kweli unafika 300, una kipima umbali na uwanja wa kufanyia mazoezi, Paramount ya .45. Kuna na la tatu, NitroFire ya kampuni ya Traditions, inayopokea baruti kwa nyuma ikiwa ndani ya kapsuli, inazuia unyevu vizuri sana, ila angalia sheria yako kwanza, kuna majimbo yanayotaka kila kitu kiingie mdomoni.

Ukimaliza siku, usisafishe Blackhorn kwa maji ya sabuni, haiyeyuki humo. Tumia dawa ya kusafishia raifo. Kisha toa kizibo, na kwa mkono, siyo kwa mashine, zungusha keekee ya inchi 1/8 kwenye mfereji wa moto wa kizibo cha 209 mpaka kaboni ngumu itoke yote. Paka grisi kwenye nyuzi zake kabla ya kukirudisha, la sivyo msimu ujao hakitafunguka.